Sindano ya Pili

Kichupa cha antibiotiki ya seftriaksoni ya gramu 1 kina unga mweupe unaoelekea umanjano. Muuguzi huuyeyusha kwa mililita 10 za maji ya sindano, hupangusa mdomo wa kanula kwa spiriti, kisha huisukuma dawa mshipani taratibu kwa dakika 2 hadi 4. Baada ya hapo hakuna la ziada mpaka kesho, saa kama hiyo hiyo. Ndiyo maana mgonjwa wa nimonia au wa usaha kwenye mfupa ambaye homa yake imekwisha kushuka hana lazima ya kulala wodini siku zote za dozi. Anaweza kurudi nyumbani kanula ikiwa imefungwa plasta mkononi, mradi kila siku apatikane mtu wa kumdunga. Madaktari wa Texas waliandika mwaka 1974 kuhusu watoto wenye maradhi ya mapafu ya kurithi waliotibiwa hivyo majumbani mwao. Huku kwetu Kenya utaratibu huo hujadiliwa kama ugeni wa kisasa ambao wanakijiji hawajawa tayari kuupokea. Historia ya Meru na Embu inanipa hukumu tofauti. Sindano ina umri wa karibu miaka 100 katika miteremko hii ya Mlima Kenya, na watu waliipokea kwa mikono miwili tangu siku za mwanzo. Iliyokatika kila mara ni sindano ya pili, na ya tatu, na ya saba, na chanzo chake kilikuwa namna huduma ilivyopangwa. Mgonjwa alilaumiwa tu.

Ushahidi wa kwanza ni buba. Ugonjwa huu wa vidonda ulipenda maeneo yenye joto na unyevu, ulishika watoto kuliko wakubwa, na ulipoachwa uliingia mifupani na kuharibu pua na miguu. Katika miaka ya 1920 Idara ya Tiba ya koloni, iliyoongozwa na Dkt. John Gilks, iliendesha kampeni kubwa za kuutibu katika maeneo ya Waafrika, Embu na Meru zikiwamo. Mwanzoni ilitumika dawa ya jamii ya aseniki, ambayo ilidungwa kwenye mshipa. Dawa hiyo ilikuwa ghali, na kumpata mtu wa kuaminiwa na mshipa wa mgonjwa hakukuwa rahisi. Baadaye zikaja chumvi za bismathi, zenye bei nafuu, zinazodungwa kwenye msuli wa tako. Zilikuwa na maumivu makali, lakini mhudumu aliyefunzwa kwa muda mfupi aliweza kuzidunga mstari mzima wa watu waliopanga foleni chini ya mti. Kwa hiyo, miongo kadhaa kabla ya neno lolote kuhusu matibabu ya nyumbani, suala la nani anaruhusiwa kugusa mshipa na nani anatosha kugusa msuli lilikuwa limekwisha kuamua dawa ingefika umbali gani kutoka hospitali.

Matokeo yalionekana kwa macho. Vidonda vilivyomtesa mtoto miezi mingi vilikauka ndani ya siku chache baada ya sindano moja au mbili. Serikali iliyofahamika kwa kodi ya kibanda, kipande na kazi ya kulazimishwa ilikuwa imeleta kitu chenye manufaa ya wazi, na watu walitembea mwendo mrefu kukifuata. Wanahistoria wengi wa tiba katika Afrika Mashariki wamekubali kwamba imani ya wanakijiji kwa sindano ilizaliwa katika kampeni hizo za buba. Lakini dozi kamili ilitaka sindano kadhaa zilizoachana kwa siku au wiki, na wengi hawakuonekana tena baada ya ngozi kusafika. Madaktari wa wakati huo walilalamika kwamba Mwafrika hamalizi dawa, kwamba anahukumu ugonjwa kwa kile anachokiona. Lawama hiyo imeishi maisha marefu. Bado inasikika kwenye korido za hospitali zetu, maneno yamebadilika kidogo tu.

Tuipime lawama hiyo kwa mazingira yake. Anayetoka Embu kwenda Meru hukatiza mito inayoteremka sambamba kutoka mlimani: Thuci, Nithi, Mutonga, Kathita. Baina ya mto na mto kuna mgongo wa ardhi, na kabla ya madaraja imara mtu angeweza kuliona paa la zahanati ng'ambo ya bonde na bado akahitaji nusu siku kulifikia. Mvua za masika na za vuli, ambazo ndizo nyakati za kulima na kupanda, ndizo pia zilizojaza mito. Wahudumu wa kampeni nao walikuwa wa kuhamahama. Walipiga kambi, wakadunga, wakasogea mbele. Mama aliyekuja na mtoto wiki ya kwanza na kukuta kambi imehama wiki ya tatu aliandikwa pamoja na wale walioacha matibabu. Ukichunguza kwa haki, mara nyingi ni tiba iliyomwacha yeye. Na uamuzi wake wa kupima nafuu kwa kukauka kwa kidonda ulikuwa wa busara kwa mtu ambaye hakuna aliyemweleza kwamba vijidudu vinaweza kubaki ndani ya mwili uliokwisha kupendeza.

Mabaraza ya Wenyeji yalipoanzishwa katikati ya miaka ya 1920, sehemu ya fedha zake ilikwenda kwenye zahanati ndogo, na hapo pakapatikana angalau nyumba isiyohama. Misheni nazo zilijikita: Kanisa la Scotland huko Chogoria kuanzia 1922 chini ya Dkt. Clive Irvine, Wamethodisti upande wa Maua, Wakonsolata Nkubu na Kyeni. Hospitali hizi ziliokoa maisha ya wengi, nami sina nia ya kupunguza sifa zake. Hata hivyo zilijengwa juu ya wazo kwamba mgonjwa huja na kulazwa. Siku za kulala ndizo zilizohakikisha dozi inakamilika. Kitanda kilikuwa jibu la tatizo la kurudi, na kikaendelea kuwa jibu pekee hata baada ya dawa zenyewe kubadilika.

Dawa zilibadilika kweli. Penisilini ya kwanza, ile iliyookoa askari katika miaka ya mwisho ya Vita vya Pili vya Dunia, ilitoka mwilini upesi mno hata ikabidi idungwe kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wakemia wakaichanganya na prokeini ikadumu siku nzima, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikaja ya benzathini inayodumu wiki kadhaa. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipoanza kampeni ya kimataifa dhidi ya buba mwaka 1952, sindano moja ya penisilini ya kudumu ilitosha, na kufikia 1964 watu wapatao milioni 50 katika nchi 46 walikuwa wametibiwa. Watu wale wale walioitwa wasiomaliza dawa walipona. Tabia yao haikuwa imegeuzwa na mahubiri yoyote. Sindano ya pili ndiyo iliyoondolewa, na pamoja nayo ikaondoka ile safari ya kuvuka mto.

Mtu anaweza kusema kwamba basi tatizo zima ni umbali, na kwamba barabara na zahanati zaidi zingelimaliza. Historia ya hapa ina jaribio la kikatili la dai hilo. Kuanzia katikati ya 1954, katika vita vya Mau Mau, serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu zaidi ya milioni moja wa maeneo ya Wakikuyu, Waembu na Wameru kubomoa nyumba zao na kuhamia vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miiba. Umbali ulifupishwa kwa amri. Familia zilizokuwa zimetawanyika migongoni zilikaa ghafla mahali pamoja, mahali ambapo mhudumu mmoja mwenye mkoba angeweza kuzipitia zote kabla ya jua kupanda. Yaliyofuata ni njaa, msongamano na maradhi, kwa kuwa amri ya kutotoka nje iliwazuia watu wasifike mashambani, na mlinzi wa kijiji alikuwa na kauli juu ya nani apite langoni. Ukaribu usio na uaminifu wala mtu mwenye wajibu wa kuhudumia hauzai matibabu. Nalisisitiza hili kwa sababu mipango ya afya bado hupenda kupima mafanikio kwa kilomita baina ya nyumba na kituo.

Bei nayo ina sehemu yake. Mwaka 1965 serikali ya Kenya huru ilifuta ada za wagonjwa wasiolazwa, na mwishoni mwa 1989 ikazirudisha kwa jina la kuchangia gharama. Utafiti uliofanywa katika kliniki ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi ulionyesha kwamba mahudhurio ya wanaume yalishuka hadi asilimia 40 hivi ya yale ya kabla ya ada, na ya wanawake hadi asilimia 65 hivi. Mtu hulipa mara moja kwa ajili ya maumivu. Kulipa kila siku kwa ajili ya ugonjwa usiouma tena ni jambo jingine kabisa, hasa nauli inapoongezwa juu ya ada.

Sasa nije kwenye ushahidi wa upande wa pili, ule unaoonyesha kwamba mnyororo unaweza kufungwa usikatike. Chogoria ile ile iliyoanza na vitanda ilitandaza katika miaka ya 1970 na 1980 mtandao wa kliniki ndogo vijijini, kamati za afya za maeneo, na wahudumu wa kujitolea waliopita nyumba kwa nyumba wakipeleka, pamoja na mengine, vidonge vya kupanga uzazi. Uchunguzi wa mwaka 1985 ulikuta asilimia 43 ya wanawake walioolewa katika eneo hilo wanatumia njia za kupanga uzazi, wakati kiwango cha taifa mwaka uliotangulia kilikuwa asilimia 17. Wanawake hawa waliishi kwenye miteremko ile ile, wengi wao ni wajukuu wa walioambiwa hawarudi. Vidonge vya uzazi ni dawa ngumu kuliko zote kwa habari ya kurudia: havitibu maumivu yoyote, na lazima vimezwe kila siku. Vilimezwa, kwa kuwa aliyevileta alikuwa jirani anayejulikana kwa jina, na nyuma yake palikuwa na kliniki, na nyuma ya kliniki hospitali iliyomwajibisha.

Ukishuka zaidi mpaka Tharaka, kwenye ukame wa kuelekea mto Tana, utakuta mfano unaogusa sindano yenyewe. Mwaka 2009 na 2010 wahudumu wa afya wa kujitolea, watu wasio wauguzi, walifunzwa huko kuwadunga wanawake sindano ya kupanga uzazi ya kila miezi mitatu. Wapinzani walihofia jipu, sindano chafu na tarehe kusahaulika. Jaribio lilikwenda salama kiasi cha kuisukuma Wizara ya Afya kubadili sera mwaka 2012, ikaruhusu wahudumu waliofunzwa kutoa sindano hiyo katika maeneo magumu kufikika. Kwa maoni yangu hili ndilo tukio muhimu kuliko yote katika historia hii, na ajabu yake ni kwamba hata Meru na Embu kwenyewe halitajwi sana. Mahali palipodhaniwa kuwa pa mwisho kwa maendeleo ndipo palipoifundisha nchi.

Kifua kikuu kilikuwa mtihani mrefu zaidi, na Meru imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa kaunti zenye wagonjwa wengi. Streptomaisini ilidungwa kila siku kwa wiki nyingi. Majaribio ya Madras, yaliyochapishwa mwaka 1959, yalikuwa yameonyesha kwamba mgonjwa anayetibiwa nyumbani hupona sawa na anayelazwa. Kenya na majirani zake zikashiriki majaribio ya miaka ya 1970 yaliyofupisha tiba hadi miezi sita. Ulipokuja ugonjwa sugu kwa dawa, wagonjwa walihitaji sindano za kanamaisini au kapreomaisini kwa miezi sita au zaidi, karibu kila siku. Hapo taifa lilijibu kwa njia mbili zinazopingana. Kwa upande mmoja, miongozo iliruhusu mhudumu wa afya amfuate mgonjwa nyumbani amdunge huko, na mgonjwa asaidiwe nauli na chakula. Kwa upande mwingine, mwaka 2010 mahakama ya Kapsabet iliwapeleka gerezani wagonjwa wawili wa kifua kikuu cha kawaida kwa kosa la kukatiza dawa. Machi 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwafunga hivyo kulikiuka Katiba. Lile gereza naliona kama mwisho wa mantiki ya lawama za miaka ya 1920: ukiamini kosa liko kwa mgonjwa, utaishia kumfungia mlango.

Kuna pingamizi zito ambalo Tharaka haiwezi kulijibu. Mshipa si msuli. Kanula inayokaa muda mrefu huvimbisha mshipa, huingiza vijidudu kwenye damu, na kwa kawaida hutakiwa kubadilishwa baada ya siku 3 au 4. Mzio wa ghafla unaweza kuua kabla bodaboda haijawashwa. Nakubali haya yote, na ndiyo sababu siungi mkono kumkabidhi mhudumu wa kujitolea bomba na kichupa cha dawa ya mshipani. Historia hii inaelekeza kwenye mgawanyo wa kazi. Sindano za mwanzo zitolewe hospitalini, ambako mzio unaweza kudhibitiwa. Zinazofuata zitolewe na muuguzi wa zahanati iliyo karibu, kituoni au nyumbani. Jirani aliyefunzwa apite kila jioni kuutazama mkono: kama umevimba, kama kuna wekundu unaopanda juu, kama mgonjwa anatetemeka. Kutazama mkono hakuhitaji cheti. Pale ambapo dawa ya kumeza inafanya kazi sawa na ya mshipani, mgonjwa apewe ya kumeza, kama kemia ya penisilini ilivyotufundisha kwamba njia bora ya kuokoa dozi ni kuipunguzia safari.

Pingamizi la usugu wa dawa ni la haki pia. Seftriaksoni imo katika kundi ambalo Shirika la Afya Duniani linataka litumike kwa uangalifu, na kuirahisishia njia ya kwenda majumbani kunaweza kuifanya iwe dawa ya kila homa. Lakini dawa hiyo iko majumbani tayari. Duka la dawa la sokoni huiuza, na mwenye duka mara nyingine huidunga mwenyewe, dozi moja au mbili kadiri ya pesa mkononi. Jirani zetu wa Uganda walichunguzwa katika miaka ya 1990, ikaonekana kwamba familia nyingi zilikuwa na mabomba yao ya sindano ndani ya nyumba, kwa hofu ya kuambukizwa UKIMWI hospitalini. Usugu huchochewa na dawa inayotumiwa ovyo, na dozi hukatika kwa urahisi pale ambapo hakuna rekodi wala anayeuliza.

Wengine husema hatuna watu wala usafiri. Uhaba wa wauguzi ni wa kweli, na mgomo wao wa kuanzia Juni hadi Novemba 2017 uliwaonyesha wananchi maana ya zahanati iliyofungwa. Kuhusu usafiri, hata hivyo, nasita kukubali. Wakulima wa Igembe, Meru, huchuma miraa asubuhi, huifunga kwa majani ya migomba, na magari ya Maua huifikisha Nairobi siku hiyo hiyo. Kabla Uingereza haijaipiga marufuku mwaka 2014, ilitafunwa London ndani ya siku mbili, kwa kuwa baada ya hapo nguvu zake hufifia. Jamii iliyojenga mnyororo wa namna hiyo bila msaada wa wizara yoyote inajua maana ya kitu kinachopaswa kufika leo na si kesho. Tofauti ni kwamba kila mkono unaoipitisha miraa hulipwa.

Hapo ndipo ninapoiona kazi iliyobaki. Septemba 2023 rais aliwazindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakapewa mikoba ya vifaa, simu na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Macho ya kuutazama mkono wenye kanula yamepatikana, Meru, Embu na Tharaka-Nithi kama kwingineko. Aliyekosekana ni muuguzi wa Jumamosi na Jumapili. Zahanati nyingi hufungwa Ijumaa jioni, na mgonjwa aliyeruhusiwa Jumatano kwa dozi ya siku 7 hukosa ya nne na ya tano, zile ambazo homa imekwisha na mwili unamdanganya kwamba amepona. Kumlipa muuguzi wa zamu ya wikendi na mafuta ya pikipiki ni gharama ndogo kuliko kitanda cha siku 7. Lakini bima yetu ya afya, tangu enzi za NHIF hadi Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyoanza kazi Oktoba 2024, imezoea kumlipia mgonjwa aliyelazwa kwa kuhesabu siku alizolala. Maadamu dai la malipo linahesabu usiku wa wodini, hospitali ya Meru au ya Embu haina sababu ya kifedha ya kumruhusu mgonjwa arudi Mitunguu au Kiritiri na kumtuma muuguzi amfuate huko Jumapili asubuhi.